Duka Lililosafishwa

"Hapo konani bado, wifi. Ongeza chokaa!"

Fundi cherehani alimwonyesha wifi yake kwa brashi, naye mwenyewe amepiga magoti sakafuni, shati la marehemu mumewe limemlowa mgongoni. Duka lake la kushonea liliungua juzi, moto ukala cherehani zote na sare za shule za watoto wa watu. Kilichobaki ni kuta, na bima. Bima hiyo aliilipia mwaka nenda mwaka rudi, akijinyima hata viatu, na leo injinia wa kampuni alikuwa anakuja kuchunguza moto. Akiridhika, cherehani zitarudi. Asiporidhika, basi tena.

Jana bwana afya alisimama mlangoni kashika pua. "Mama, uchafu huu usilale hapa. Nikiukuta kesho, nakufungia kabisa."

Basi majirani wakaja, Mungu awabariki, wakazoa majivu, nyaya na mabati yaliyojikunja, lori la taka likabeba. Lakini fundi wetu si mtu wa kuishia kwenye ufagio. Mgeni aje akute masizi? Thubutu! Kuta zikasuguliwa kwa sabuni, na asubuhi hii zikapakwa chokaa.

Injinia akafika na buti zake na kamera. Akaingia hatua moja, akaganda.

"Samahani, nimepotea? Natafuta duka lililoungua."

"Ndilo hili, baba. Pita tu, hutachafuka."

"Mama! Nani kakwambia usafishe?"

Fundi akatabasamu. Maskini, alidhani anasifiwa.

"Ukuta ndio unaoniambia moto ulianzia wapi," injinia alisema. "Majivu, nyaya, soketi. Sasa nitaangalia nini? Kampuni itasema umeficha kitu."

"Nifiche nini, mwanangu? Cherehani zangu mwenyewe?"

"Itasema umelichoma duka mwenyewe."

Brashi ilimdondoka. Yeye? Achome kilichomlisha yeye na wanawe?

Wifi yake ndiye aliyepata akili ya kumpigia simu bwana afya, akaiweka sauti ya juu.

"Mimi?" simu ikasema. "Nilisema mtoe taka. Nilisema muogeshe ukuta? Halafu niko kikaoni." Akakata.

"Si umemsikia!" fundi akapiga kelele. "Si umesikia kwamba aliniamuru!"

"Nimemsikia, mama. Lakini mimi nimetumwa kuchunguza moto. Amri za watu si kazi yangu."

Fundi akaokota kipande cha bati, akaanza kukwangua. "Masizi yapo chini. Subiri, utayaona." Chokaa mbichi ikaporomoka. Chini yake tofali jekundu, safi. Akakwangua pengine. Safi. Akakwangua mpaka vidole vikatoka damu.

"Acha, wifi," mwenzake akamwambia, naye analia. "Tulisugua mno."

Injinia hakuweza kumtazama machoni. Aliinua kamera. "Sogea pembeni kidogo, mama, nipige ukuta."

Fundi hakusogea. Akauegemea ukuta kwa mgongo, akajifuta jasho, akaikodolea kamera macho.

"Nipige na mimi," alisema. "Wamwone aliyesafisha."