Mahindi Yenye Harufu ya Moshi

Kila asubuhi niliosha mahindi nyuma ya jiko la parokia, nikayabandika motoni, nikawasubiri watoto waliokuja na vikombe vyao kutoka vijiji vya Singe na Mutuka. Kazi ile haikutaka maneno, na mimi maneno yalikuwa yananishinda tangu utotoni. Asubuhi ile nilimimina maji kwenye beseni, nikatia mikono, nikasita. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Harufu ikapanda taratibu: moshi wa jikoni, moshi mkongwe, ule uliokaa kwenye nguo za mama yangu hata siku ya Krismasi.

Nilichota punje chache nikazipeleka kwenye mwanga. Zilikuwa kubwa, zimelingana, zina weusi kwenye ncha. Kwetu Dareda mama alichagua mahindi bora kuliko yote, akayafunga pamoja kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Hata siku tulizolala na maji ya moto tu tumboni, hakuna aliyeinua macho kuyatazama. Ilikuwa mbegu.

Niliyamwaga maji, nikayatandaza mahindi kwenye mkeka yakauke. Watoto wakapata uji wa unga wa njano wa msaada, ule tuliouita Yanga, uliobaki chini ya gunia.

Jana yake ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno, katika mwaka ambao mvua haikunyesha. Padri Teodori alikuwa ametangaza mapema kwamba safari hii mtu asilete kitu. Walileta. Akina mama wa Sigino walipanda kwa mstari hadi altareni, kila mmoja na kikapu chake kidogo cha mahindi, nyuso zimenyooka kama watu wanaopita mbele ya mkwe. Niliona Padri akivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Nilifikiri wameokoteza, wamepata kidogo mahali. Na yeye alifikiri hivyo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha maendeleo ya jamii mwaka ule, nikapangiwa Babati. Wanawake waliniita Bibi Maendeleo kwa kunitania, kwa kuwa sikuwa na mume wala sauti. Padri Teodori alinikaribisha kwenye kazi yake, kazi ambayo ilikuwa kutembea tu. Alitembea kwa wagonjwa, kwa wajane waliosukumwa nje ya mashamba yao, kwenye ofisi za mahindi ya msaada, ambako aliambiwa arudi kesho, naye kweli alirudi kesho. Zamani alifundisha Kilatini seminarini. Aliomba mwenyewe kuja kukaa na maskini.

Wiki moja kabla ya shukrani ile, tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya jiko tukimenya maharage machache ya bustani ambayo hayakustawi vizuri. Akasema, bila kunitazama, "Romana, nimemwomba Askofu anirudishe kufundisha."

Niliendelea kumenya.

"Nilidhani mtu huitwa mara moja, akaitika, yakaisha. Kumbe unaitwa kila asubuhi. Na siku hizi asubuhi nyingine sisikii vizuri." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye njaa. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Lakini alikuwa ameomba kamba dukani kwa Cornel, ya kufungia vitabu vyake, na miaka ile kamba ilikuwa kitu adimu kama sabuni. Huwezi kuomba kamba Babati watu wasijue. Kamba yenyewe bado ipo. Leo inafungia mlango wa banda la mbuzi la Mama Leonsi wa Sigino, na kila nikipita pale macho yangu huenda kwenye kamba kabla ya kwenda kwa watu.

Asubuhi ile ya mahindi nilimwonyesha Padri punje kwenye kiganja. Yeye si mtoto wa mjini, alizinusa mara moja akaketi chini.

"Wote?"

"Gunia zima, Padri."

Tulilifunga kwenye baiskeli kwa kamba. Hakupanda. Aliisukuma hadi Sigino, mimi nikilishikilia gunia nyuma, na vumbi la barabara likatupaka wote rangi moja.

Mama Leonsi ndiye aliyeongoza akina mama wale. Tulimkuta uani akipepeta makapi, na jirani yake Emerensiana amekaa karibu anamsuka mjukuu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Mama Leonsi, nimewarudishia mbegu zenu."

"Mbegu gani? Hayo ni mahindi ya kanisa."

"Mvua ikija mtapanda nini?"

"Mvua ndiyo ije kwanza."

Nikamwamkia, shikamoo yangu ikatoka nusu. Emerensiana akaninong'oneza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Bibi Maendeleo, chuoni hawakuwafundisha kwamba padri naye hula? Mtazame. Kanzu ndiyo inamvaa yeye."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Mama," Padri alisema, "nikiyapika, nitakuwa nimewapikia watoto shamba lenu la mwakani. Nikiyaweka, panya watayamaliza. Nakuomba uyapokee."

Mama Leonsi aliweka ungo chini. "Yangekuwa yako, ningeyapokea sasa hivi. Lakini yameshapita altareni. Cha Mungu hakirudi nyumbani, Padri. Hata mama yangu hakuwahi kuona sadaka inarudi. Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba Mungu amekionja chakula chetu akakitema?"

Nilijua Padri angeweza kumjibu, alikuwa na vitabu vingi. Badala yake aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa udongo na kuketi chini kando yake, mgongo wake na gunia vikigusana. Sikuwahi kumwona amechoka namna ile. Kuku mmoja akaja kudonoa punje iliyodondoka, Emerensiana akamfukuza upesi, akaiokota na kuirudisha ndani ya gunia.

Ndipo nikasikia sauti yangu. "Mama, kwa nini mlitoa mbegu?"

Mama Leonsi alikuwa anatazama baiskeli.

"Hiyo kamba," alisema baadaye. "Ndiyo ile ya Cornel?"

"Ndiyo," Padri alisema.

"Ya vitabu."

"Ya vitabu."

Mjukuu alitaka kuinuka, Emerensiana akamkalisha.

"Padri aliyekutangulia aliondoka katika njaa ile nyingine," Mama Leonsi alisema. "Hatukumsema vibaya. Tulikuwa hatumpi chakula. Mtu atakaaje mahali asipopewa chakula?"

Padri alijiinua akishikilia ukuta, akaanza kuifungua kamba, polepole, fundo moja baada ya jingine. Mama Leonsi alimtazama mpaka fundo la mwisho. Kisha akavua khanga yake ya mabegani, akaitandaza chini mbele ya gunia na kuzinyoosha pembe zake.

"Hatukumpa Mungu," alisema. "Tulikupa wewe, ule, ubaki."