Shikamoo ya Maji

Niliapa sitamwamkia tena Mzee Aminieli, na mimi nikiapa huwa sitanii. Kijana wake Gideoni ndiye aliyechoma nyumba yetu, mwaka ule watu wa juu na sisi wa chini tulipogombania maji ya mfereji hadi mapanga yakatoka. Mume wangu Asheri alibaki na kovu begani. Wakubwa walitupatanisha, tukala mbuzi pamoja, lakini nyumba ilibaki majivu. Asheri akaenda kukata mkonge, nami nikafyatua matofali. Siku tulipoezeka bati nililia mbele za watu, wala sikuona aibu.

Tangu hapo, nikikutana na Mzee Aminieli njiani, nainama kufunga kanga yangu kana kwamba imelegea. Mtu mzima kama yule, bila shikamoo! Watu wakasema Priska hana adabu. Waseme.

Kisha mvua ikagoma. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Same yamejaa sabuni na mitumba, lakini sisi wa huku milimani Makanya tulikula kilichotoka shambani tu. Mahindi yangu yalikuwa yanataka kutoa mbelewele, majani yamejikunja. Yakipata maji mara moja, tutakula. Yakikosa, watoto watalala njaa. Ndiva, bwawa letu la kukinga maji usiku ili yafunguliwe asubuhi, ilikuwa haijai hata nusu, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Mzee Aminieli. Yangu ingefika mahindi yameshakuwa kuni.

Asubuhi nikapanda mlima. Njia nzima nililirudia lile neno nililoapa kutomwambia. Nilimkuta Mzee Aminieli ukingoni mwa ndiva na jembe lake, anajiandaa kuzibua.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Hakuitikia. Hasira na hofu vikanipanda pamoja.

"Mahindi yako yamefika wapi?" akauliza.

"Yanataka kubeba, baba. Wiki ijayo hayafiki."

Akatazama maji, akatazama na shamba lake, ambako mahindi nayo yalikuwa yamejikunja.

"Chukua zamu yangu," akasema. "Ila hiyo shikamoo rudi nayo. Umeyaamkia maji, hukuniamkia mimi."

Nilikuwa na jibu, tena kali. Nikalimeza, nikashuka mbio kwenda kuyapokea maji shambani.

Tulivuna, si haba. Yeye alivuna mabua. Vuli ilipokuja sikuwa na shida tena ya maji ya mtu. Nilishinda siku kadhaa nikinung'unika peke yangu jikoni, mwishowe nikapanda mlima kwenda kwake. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, mvua inanyesha.

"Shikamoo, baba."

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, nikadhani atakataa tena.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Bati halivuji?"

"Halivuji, baba," nikasema, nikavuta kigoda nikakaa.