Magongo Katikati ya Barafu

"Bado moja," alisema Mattias, nahodha, akiyatazama magongo yaliyolala katikati ya barafu kama rundo la kuni. "Nani hajatupa lake?"

Wote walimgeukia Orest Bilecki, aliyeegemea ubao wa uwanja, mikono mifukoni. Gongo lake lilikuwa bado ndani ya pikapu.

Ulikuwa uwanja wa mtaa tu wa mpira wa magongo wa barafuni, nyuma ya shule, kwenye baridi ya jimbo la Saskatchewan isiyojua huyu nani na yule nani. Wenye timu walikuwa wameutia kufuli uwanja mkubwa wa mjini tangu Septemba. Walitaka mishahara iwekewe kikomo, wachezaji wakakataa katakata, na ligi nzima ikalala. Basi wakawa wanacheza hapa, kwa desturi ya tangu utotoni: kila mtu anatupa gongo lake kati, mmoja anapiga magoti, anajifunika macho kwa kofia, na kurusha magongo, moja kushoto, moja kulia. Ndivyo zinavyopatikana timu mbili. Na mchezo hauanzi mpaka magongo yote yawe chini.

"Mzee, vipi leo?" aliuliza Dufresne, golikipa. "Au mkeo naye kakufungia mlango, kaiga wenye timu?"

Wakaangua kicheko. Orest hakucheka.

Asubuhi, chai ikiwa bado mezani, Haskett, meneja wa timu, alikuwa amempigia simu. Sauti tamu, loo, asali! "Orest, ndugu yangu, njoo saa sita ukae na waandishi wa habari. Sema ukweli tu: nyinyi wa mishahara midogo mmechoka, mnataka kucheza. Hao mastaa wanapigania mamilioni yao. Wewe goti lako limekwisha, msimu huu ukipotea umepotea na wewe. Sema hivyo, na ukistaafu kazi ya ukocha ni yako."

Kilichomuuma ni kwamba Haskett hakudanganya. Orest hakuwahi kuwa staa. Kazi yake ilikuwa kujilaza mbele ya mashuti ili yampige yeye, si golikipa, na mwili wake ulikuwa umechoka kupigwa. Alibakiwa na msimu mmoja, huu huu. Aliutaka mpaka akakosa usingizi.

Mattias akateleza mpaka ubaoni. "Haskett kakupigia."

"Kanipigia."

"Kakuahidi nini?"

"Ukocha."

Mattias aliinamisha kichwa. "Sikulaumu, kaka. Mimi mwaka huu ukienda, nina mingine. Wewe huna."

"Huruma yako kaa nayo!" Orest alifoka, na hasira yake ikamshangaza mwenyewe.

Alikuwa akimfikiria Thibodeau, mchezaji mwenzake wa zamani. Katika mgomo mmoja wa zamani, Orest akiwa mgeni kwenye timu, Thibodeau alikuwa na umri kama wake wa leo na mgongo mbovu. Msimu ukafutwa, na Thibodeau hakurudi tena barafuni. Lakini mshahara wa wachezaji wa chini ulipanda, na Orest ndiye aliyejenga nyumba kwa nyongeza hiyo. Thibodeau hakumdai hata asante.

Akageuka, akashika njia ya pikapu.

"Haya, nenda!" mtu alipaza sauti nyuma yake. "Msalimie Haskett!"

Alipofungua mlango simu ilikuwa inalia juu ya kiti. Akapokea.

"Uko njiani?" aliuliza Haskett.

"Siji."

"Orest, usikitie kitumbua chako mchanga. Fikiri."

"Nimefikiri tangu asubuhi. Siji, na usinipigie tena."

Akakata simu. Akavuta gongo lake, akarudi, akalitupa juu ya mengine.

Mattias alipiga magoti, akashusha kofia mpaka puani, akaanza. Kushoto. Kulia. Magongo yaligonga barafu ovyo, kama kawaida. Kisha mkono wake ukagusa gongo lililofungwa utepe mnene mpaka nchani, kama anavyofunga Orest peke yake katika timu nzima. Ukatulia hapo.

Hilo hakulirusha. Alilitelezesha taratibu, likaenda peke yake mpaka likasimama upande wa kushoto.

Orest aliketi kwenye theluji, akaanza kukaza kamba za viatu vyake vya kutelezea.