Ukurasa Uliofunguka Mara Moja

Mwaka 1999 Tharsisi alikuwa amechoka mpaka amechoka kulalamika. Ofisini kwao Kasulu walitoa gazeti la kambi ya wakimbizi kwenye tovuti, na wasomaji wake walikuwa Warundi waliotawanyika Kanada, Ubelgiji na Norway, watu waliolipa ada ya mwaka wakapewa neno la siri la kulifungulia. Walilipa, halafu wakangoja. Mmoja aliandika kwamba hubandika maharage kwanza ndipo afungue ukurasa, na maharage ndiyo yanayotangulia kuiva. Wengine hawakuwa na hamu ya utani. Walijitoa kimyakimya, na bila wao gazeti lingekufa.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa ameufungia ukurasa mzima ndani ya jedwali moja, hivyo hata neno moja halikuonekana mpaka picha zote ziwe zimefika huko ziendako. Basi akalivunja jedwali, akazipunguza picha na kuzisukuma chini, maneno yakatangulia. Kazi ya kuvunja mgongo, na jenereta nayo ikizimika itakavyo. Alipomaliza akawatangazia wasomaji wote: kuanzia Ijumaa fungueni popote mlipo, hamtangoja tena.

Alhamisi mama yake akafariki Kibondo.

Gari la kwenda msibani lingeondoka Jumamosi alfajiri. Ijumaa akaja kazini, maana hakuna mwingine aliyejua kuutuma ukurasa. Mhariri wao, Mama Epifania, alimtazama akiwasha kompyuta, akatikisa kichwa.

"Na Antoinette?" aliuliza. Huyo alikuwa dada yake Tharsisi, mwanafunzi Montreal.

"Nimemwandikia Reverien. Anakwenda kwake leo."

"Ego, sawa. Basi weka jina la mama, watu wamwombee."

Reverien alikuwa katekista wa Warundi wa kule. Kwao habari ya kifo haitupwi kwa mtu aliyesimama. Anatumwa mtu, anaingia, anakaa, anaomba maji, majirani wanakusanyika, ndipo inasemwa. Gazeti lilipokuwa na tangazo la msiba, Reverien alipelekewa habari siku hiyohiyo, na hata mara moja hakuwahi kuchelewa mlangoni. Tharsisi alidhani ni wepesi wa miguu yake. Akaliandika jina la mama, akautuma ukurasa.

Jioni barua pepe zikaingia kwa mkupuo. Wa Norway walishukuru. Msomaji wa Ubelgiji aliyekuwa amejitoa aliomba arudishiwe neno lake la siri.

"Umeliokoa gazeti, mwanangu," Mama Epifania alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile Tharsisi alihisi kitu kinachokaribia furaha.

Kisha ikaja ya Reverien. Alikuwa amepiga hodi, hakumkuta mtu, angerudi baadaye. Chini yake ilikuwa ya Antoinette.

"Kaka, ulisema popote, nami nikaufungua ukurasa nikiwa maktaba ya chuo. Zamani nilikuwa nasubiri nifike nyumbani jioni. Jina la mama limekuja hata sijavuta kiti. Nimelia mbele ya watu nisiowajua, wakaniomba nitoke nje. Sikulaumu. Wewe ulipoambiwa, ulikaa na nani?"

Tharsisi aliisoma tena. Kumbe miaka yote hiyo kilichomwahisha Reverien ni ule ukurasa mzito, uliowalazimisha watu kungoja mpaka wafike majumbani mwao. Aliona aibu, na uchungu juu ya aibu. Alianza kumjibu dada yake. Yeye aliambiwa kwa redio ya ofisi, mtu wa Kibondo akisema kwa sauti inayokatikakatika, naye akajibu kama wanavyojibu wote redioni: nimepokea. Halafu akarudi kupunguza picha za toleo la Ijumaa.

"Sikukaa na mtu," alisema kwa sauti.

Mama Epifania alisogea, akaisoma ile barua mpaka mwisho. Alitoka nje, akarudi na mpishi na mlinzi, kila mmoja na kiti chake, wakakaa kumzunguka Tharsisi. Yeye mwenyewe akakaa karibu naye kabisa, akaomba maji, akanywa kidogo, kisha akamshika mkono.

"Tharsisi, mwanangu," alisema polepole. "Mama yako ametutoka."

Ndipo Tharsisi akalia.