Macho ya Kuazima

Muuguzi alishona vidonda vya watu mchana kutwa bila kupepesa, lakini baba yake mzazi, mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, alikuwa amekataa upasuaji mwaka wa pili sasa. Mganga hajigangi, na wa nyumbani kwake ndio kabisa.

"Nipasuliwe ya nini, na macho yangu ni wewe?" mzee alisema. Aliendesha lori miaka thelathini bila kumwachia mtu usukani, sembuse jicho.

Basi kila Jumamosi asubuhi binti aliketi naye kochini akamsimulia sinema. Siku hiyo walianza na katuni ya kobe aliyeajiriwa posta.

"Kobe anaongea, na hakuna anayeshangaa?"

"Ni katuni, baba."

"Kumbe ndiye aliyekuwa anachelewesha barua zangu, mshenzi huyu."

Lakini kobe alipomfikishia mjane barua ya mwisho, mzee alipenga kamasi kwa kelele akasingizia vumbi.

Ya pili ilikuwa ya kutisha: mwanamke peke yake, nyumba kubwa, ngazi zinalia. Roho ilimruka muuguzi wa watu. Akajifunika uso kwa mto wa kochi, akaendelea kutunga.

"Anafungua mlango... ah, paka tu."

"Paka gani anavaa buti? Na mbona sauti yako inatoka kama imezibwa?"

Mkono wa mzee ukapapasa, ukaukuta mto, na bintiye nyuma yake.

"Yule mwizi wa wiki jana, kweli alikamatwa?"

"Sijui."

"Na bibi harusi aliyetekwa?"

"Sijui, baba. Nilifumba macho."

"Lo! Miaka miwili nalishwa uongo na mwoga!" Akaanza kutafuta viatu kwa nyayo. "Huyo daktari wenu wa macho yupo lini?"

"Jumatatu," binti alisema. Alishabembeleza, akalia, akaleta hadi mashangazi. Hakujua angeshinda kwa woga. Alifurahi, na papo hapo akazionea huruma Jumamosi zake za kusimulia, ambazo sasa zingekwisha. Akaushusha mto, akakaza macho kwenye runinga, angalau hii moja aimalize kwa haki.

"Ngoja, baba, nimemwona! Muuaji ni..."

"Koma! Zima hiyo runinga," mzee alifoka. "Huyo nitamwona mwenyewe."