Sahani Moja na Bibi

Siku za kupima watoto pale Kabungu, Dorotea ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Alifagia chini ya boriti palipotundikwa mizani, akapanga mabenchi, kisha akawasomesha kina mama kabla nesi Monika hajaanza kazi. Alikuwa mjane, na shule yake iliishia darasa la nne, lakini somo la chakula alilijua kama alivyoijua Salamu Maria. Kuna chakula cha kutia nguvu, kuna cha kujenga mwili, kuna cha kulinda mwili. Ugali upo, haya; maharage yako wapi? Dagaa wako wapi? Mchicha uko wapi?

Mwezi uliopita alimsimamisha Mama Manyanda mbele ya wote. Huyu alikuwa jirani yake, Msukuma. Yeye na mumewe walihamia na ng'ombe wao miaka mitatu nyuma.

"Nyie mnafikiri mtoto ni ndama," Dorotea alimwambia. "Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Mboga za majani zimewakosea nini?"

Watu walicheka. Mama Manyanda naye alicheka kidogo, akatazama chini, akamfunga mwanawe mgongoni.

Leo ilikuwa Ijumaa, Kwaresima imefika katikati, na Dorotea alikuja na mjukuu wake Josefina, wa miaka miwili na nusu. Mama wa mtoto, Scola, alikuwa Ikola, akianika dagaa ziwani na kuishi na mwanamume aitwaye Cletus bila ndoa ya kanisani. Jambo hilo lilimkaa Dorotea kooni. Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, aliweka nadhiri: hataonja samaki, wala nyama, wala maharage. Atakula ugali kwa mlenda tu, mpaka Scola afunge ndoa. Hakumwambia mtu, maana kufunga ni siri ya mtu na Mungu wake. Viroba vya dagaa alivyoletewa na lori kutoka kwa Scola, kimoja alikipeleka kanisani kuwa sadaka, vingine alivitundika juu ya moshi vingoje sherehe ya harusi.

"Mwoneni Fina wangu alivyonona," alisema, akimning'iniza mtoto kwenye mizani.

Nesi Monika alisoma uzito, akatia alama kwenye kadi, na alama ikaangukia kwenye kijani, rangi ya uzito mzuri. Dorotea aliigeuza kadi ili wenzake waione. Lakini nesi alikuwa bado ameushika mguu wa mtoto. Alibonyeza kidole juu ya wayo, akakiacha pale kwa muda, akakiondoa. Pakabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama Dorotea, huyu hakunona. Amevimba." Akazishika nywele za mtoto, zilizokuwa nyekundu na laini. Dorotea alikuwa akisema ni jua. "Anakula nini?"

Kina mama mabenchini walinyoosha shingo.

"Anakula vizuri," Dorotea alijibu. "Dagaa, maharage. Kila mtu analiona lori la Ikola likisimama kwangu."

"Kila siku anakula dagaa?"

"Kila siku."

Nesi alifikiri. "Basi si chakula. Huenda ni figo. Nakuandikia barua umpeleke Mpanda wakampime. Hao dagaa usimpe kwanza, mpaka wamwone."

Dorotea aliipokea barua kwa mikono miwili. Masikio yalimwaka. Alitaka kutoka tu, afike kwake, afunge mlango. Lakini njia ya kutokea ilipita penye sufuria ya uji, na siku hiyo zamu ya kukoroga ilikuwa ya Mama Manyanda. Uji ulikuwa wa karanga na dagaa waliotwangwa, na yeye alikuwa ameumiminia maziwa ya kwao. Alimchotea Fina kikombe, akakipoza, akampa.

Fina alikishika. Hakunywa. Alimtazama bibi yake.

"Bibi kwanza," alisema.

"Kunywa, mama. Ni chako."

"Bibi kwanza."

Nyumbani walikula sahani moja, wao wawili, na mtoto hakuchukua tonge kabla bibi hajachukua lake. Harufu ya dagaa ilimfikia Dorotea, naye, kwa mazoea ya miezi minne, akageuza uso pembeni. Alipotazama tena, Fina alikuwa ameweka kikombe chini na kugeuza uso pembeni vilevile.

Dorotea akakaa kwenye kuni.

"Mama," Mama Manyanda alisema polepole, wengine wasisikie, "moshi wa jikoni kwako unakuja mpaka kwetu. Tangu mvua zianze sijasikia harufu ya dagaa. Nikadhani unawauza."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini mimi, mwenye ndama?"

Dorotea aliitazama barua. Mpanda wangemtafuta ugonjwa wa figo, na dagaa wangebaki juu ya moshi. Alimpakata mtoto, akarudi mpaka kwenye meza ya nesi, mbele ya mabenchi yaleyale.

"Nesi, nimekudanganya," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Mtoto hali dagaa. Hali maharage. Mimi nina nadhiri, na anakula ninachokula mimi. Ugali na mlenda, tangu mwezi wa kumi na moja."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nesi Monika alichukua barua, akaikunja mara mbili. "Na yeye aliweka nadhiri lini?"

Dorotea alimvuta Fina kifuani.

"Maziwa, karanga, dagaa waliotwangwa, maharage yaliyopondwa. Kidogokidogo, mara tano kwa siku. Jumatatu umlete. Uvimbe usipopungua, nakwenda naye Mpanda mwenyewe."

"Hataki kula peke yake."

"Basi unajua la kufanya, mama."

Dorotea alirudi penye sufuria. Jumamosi angepiga magoti kwa Padre na kuyasema yote mawili, uongo na nadhiri iliyovunjwa, na lolote atakaloambiwa atalibeba. Alikiokota kikombe. Kina mama aliowafundisha mwaka mzima walikuwa wakimwangalia. Akanywa funda moja, Ijumaa ya Kwaresima, mbele yao.

Fina alilitazama koo la bibi yake likishuka. Kisha akanyoosha mkono.

"Taratibu," Mama Manyanda alisema, akiongeza uji. "Hata ndama hunywa taratibu."

Dorotea hakuinua uso. Alikunywa funda la pili, kwa sababu mtoto alikuwa akingoja.