Mlango wa Jikoni

Bulaimu alirudi Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, baada ya miaka mingi ya biashara Dubai, akiwa na picha za mtaa wa jangwani: kuta nene za udongo zisizo na dirisha upande wa barabara, vyumba vinavyotazama ua wa ndani, na mlango mmoja kwa kila nyumba. Alitaka mtaa kama huo kwenye kiwanja chake cha Kasuku, humo mjini, wenye umeme wa jua na maji ya bomba. Rachida, msanifu majengo mzaliwa wa Kindu, aliikubali kazi kwa kuwa ofisi yake haikuwa na nyingine.

Mengi yalirekebishika kwenye michoro. Paa tambarare liliondoka kwa hoja moja tu, kwamba mvua ya Maniema si ya jangwani. Kuta zikapata msingi wa mawe, ua ukapata mifereji. Ukabaki mlango. Rachida aliomba wa pili, wa jikoni, na kila mara Bulaimu alikataa. Nyumba ya mlango mmoja, alisema, mwizi haiwezi.

Hoja ya Rachida haikuwa ya kiufundi, ndiyo maana hakuisema. Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, risasi zikaanza kulia barabarani, watu wa mtaa wao walitokea milango ya jikoni, wakapita ua kwa ua hadi mto Lualaba. Shangazi yake Ramla alikuwa ameuziba wake kwa matofali, akiogopa waporaji. Waporaji waliingia mbele.

Siku ya kupima msingi, Mwanvua, mke wa Bulaimu, alikuja kuiona nyumba yake. Ilikuwa kamba tu, zimefungwa kwenye vigingi. Aliingia palipoachwa mlango, akapita sebuleni, akafika jikoni, akasimama mbele ya kamba.

“Na huku natokea wapi?”

Bulaimu alimwonyesha mbele.

“Na masasi ya bunduki ikitokea mbele?”

“Vita iliisha, mama Twaibu.”

“Weye uliiona ku televizio. Hii haiko nyumba, iko mutego.”

Aliiruka kamba, akasimama upande wa pili, na hakurudi ndani.

Bulaimu alijifuta jasho, akamwambia Rachida aweke mlango kwenye nyumba hiyo moja. Rachida alijibu kwamba ni nyumba zote, la sivyo hatatia sahihi michoro. Alisema bila ukali, alikuwa amechoka.

“Dada, uko na kazi ingine?”

“Sina.”

Bulaimu alicheka kidogo, akakubali. Lakini mfanyabiashara hatoi kitu bure. Alitaka basi, juu ya kila nyumba, mnara wa kunasa upepo wa kupoza vyumba, kama ule aliouona kule Dubai. Rachida alimweleza kwamba Kindu haina upepo wa kunaswa, na kwamba mnara utaleta unyevu na popo.

“Umupatie tu munara yake,” alisema Mwanvua. “Hautatuua.”

Mchana ule Rachida alichora kwanza milango, mipana kiasi cha watu wawili kupita pamoja, mmoja akiwa amebeba mtoto. Kisha akachora minara. Ili mvua isiingie, kila mnara aliuwekea kifuniko cha bati, ambacho kingezuia na upepo pia. Akaikagua michoro yote, akatia sahihi.